Mgongo Haujisomi

Mtaani kwetu hapa Tanga, ukitaka mtu asiyepitwa na kitu, uliza nyumba ya Chande. Ndiyo, mimi. Sijisifu, natoa taarifa. Siku ya Idi imamu alipotoka amevaa kanzu ndani nje, msikiti mzima ulimwamkia bila kuona. Mimi ndiye niliyeona, mimi ndiye niliyecheka, na mimi ndiye niliyeondolewa safu ya mbele. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa jiografia alifundisha vipindi viwili vizima huku chaki imemchorea sharubu la pili juu ya lile alilopewa na Mungu, na darasa zima likaandika notisi kama kwamba hakuna kitu. Nani alimwambia? Jicho langu, jamani, ni la mwewe, halipitwi na kifaranga. Kwa hiyo nawaapieni kwamba tangu nizaliwe sijawahi kufanya kosa la kutoangalia, na neno hilo lishikeni vizuri, maana silioni likifika mwisho wa ukurasa huu likiwa zima.

Dada yangu Salha alijifungua mtoto wa kike kule ukweni kwake. Kwa desturi yetu, uzazi wa kwanza mwanamke hurudi kwao akakandwe na mama yake mzazi, lakini mama yetu ana miaka mitatu kaburini, na nyumbani nimebaki mimi peke yangu, ambaye hata chai huiunguza. Basi mama mkwe wake, Bi Shani, akajifunga kibwebwe. Siku arubaini, alfajiri na jioni, alimkanda Salha kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamwosha mtoto, akalala chini ili mzazi alale kitandani. Na mjue kwamba mwanzoni bibi huyu hakuitaka ndoa ile kabisa. Alitaka mwanawe Hemedi amwoe binamu yake, na mtaa mzima ulijua. Lakini kinyongo chote kiliyeyukia ndani ya beseni lile la maji ya moto. Salha akataka kumshukuru mbele ya watu siku ya arubaini kwa doti ya kanga, na kwa kuwa mzazi hatoki nje kabla ya siku hiyo, na mumewe yuko safarini Songea, akanituma mimi.

"Rangi chagua uipendayo, kaka," aliniambia, "lakini jina la kanga usome. Usome, halafu usome tena."

"Dada, unamfundisha samaki kuogelea?"

"Nakufahamu, Chande. Soma."

Nikaenda dukani. Nikaona doti moja ya zambarau yenye mikorosho ya manjano, ya kumtoa mtu macho, na ndiyo kwanza naishika niikunjue nisome, akaingia mzee mmoja mnene, mwenye heshima zake, mguu wa kulia kavaa kiatu cha ngozi na wa kushoto kandambili ya chooni. Jamani, ningefanyaje? "Mzee," nikamwambia, "huo mguu mmoja unakwenda ofisini na mwingine unakwenda kuoga, itakutana wapi?" Duka likaanguka kwa kicheko. Mzee akajitazama, akatoka kimyakimya bila kununua kitu. Mimi nikabaki nafuta machozi ya kucheka kwa ukingo wa ile doti. Msichana wa duka akaniuliza, "Kaka, jina umeliona?" Nikamjibu, "Mimi dada naona hata yasiyoandikwa. Funga." Akafunga.

Siku ya arubaini, asubuhi, uwanja wa Bi Shani umejaa wanawake. Kwao mjomba wa mtoto ndiye hukabidhi zawadi ya mzazi, basi nikaitwa katikati, nikatoa hotuba, nikatania, watu wakacheka, nikamkabidhi Bi Shani doti yake. Bibi yule hakungoja. Alikunjua kanga moja, akaitupia mabegani kwa furaha, akapiga kigelegele mwenyewe, akageuka kucheza, mgongo ukawaelekea wageni. Kigelegele kikamrudia peke yake. Wanawake wote walikuwa wanamtazama mgongoni. Shangazi yake Hemedi, Bi Tausi, ndiye aliyesoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayetafuna mchanga: "ULINICHUKIA BURE, MWANAO KANIPENDA."

Bi Shani aliivua ile kanga taratibu, akaitandaza magotini, akasoma mwenyewe. "Salha, mwanangu," akasema, "siku arubaini nimekukanda kwa mikono hii. Ndilo neno ulilonitunzia hili?"

"Mama, Wallahi mimi sikulichagua..."

"Nani kalichagua basi?" Bi Tausi akaingilia. "Kaka mtu huyu hapa. Chande, umechagua wewe?"

Macho ya uwanja mzima yakanigeukia, yakingoja kunicheka. Nami, mchekaji wa watu, nikainamisha uso nisiyaone. Nikasikia ulimi wangu ukisema, "Mimi nimetumwa tu, mama. Nilinunua nilichoagizwa."

Salha alinitazama. Hakunitukana, hakunikanusha. Akamfunika mtoto. Bi Tausi na wenzake wakaamua kwamba wazee wa pande zote mbili wakutane alasiri, na kama ni kweli Salha kamtukana mama mkwe, achukue mwanawe arudi kwa kaka yake mpaka Hemedi arejee aamue mwenyewe. Nikatoka pale kama paka aliyemwaga maziwa, nikafika nyumbani, nikajitupa juu ya jamvi ukumbini. Jua lilikuwa la utosi. Sikulala kwa usingizi, nililala kwa kujificha. Na huko nilikojificha ndiko nilikopatikana.

Nikajikuta nimesimama mbele ya lango la mji nisioujua, lango refu lisilo na mlango, na juu yake pameandikwa LAITI. Palikuwa na mwanga wa saa ambayo si asubuhi wala jioni, mwanga ule wa mtu anayejiuliza kama jiko amelizima. Pembeni ya lango alikaa mwanamke aliyejifunika nguo nyeusi utosi hadi kidole, akanyoosha mkono kama anayetaka kunishika. Nikapinda njia nimpishe, maana nilihisi uso ukiniwaka nilipomkaribia. Ndipo akanidaka begani kijana mmoja mwembamba mwenye meno mengi kuliko mdomo wake. "Karibu, mtani!" akasema. "Unanijua mimi, tumekua pamoja. Naitwa Mzaha." Kweli nilimjua, hata harufu yake niliijua. Tukashikana mikono tukaingia mjini.

Watu wa mji ule, wanaume kwa wanawake, wote walijitupia kanga mabegani, na kila kanga ilikuwa na jina lake limekaa katikati ya mgongo, pale ambapo mvaaji hawezi kulisoma hata akijipinda vipi. Hapakuwa na kioo mji mzima, na maji ya visimani humo yanaonyesha uso tu. Kila mtu alisoma mgongo wa mwenziwe aliye mbele, na kila mtu alisomwa na aliye nyuma. Mara tukapishana na mwanamke anayekimbia, kikapu kichwani kimetoboka kitako. Vitunguu, funguo, barua, ahadi, vyote vinadondoka njia nzima wala hageuki. "Huyo ni Bi Haraka," Mzaha akaninong'oneza, "mama wa nusu ya mji huu." Nikamuuliza nusu iliyobaki ni watoto wa nani. Akacheka, akanivuta mbele.

Basi nikaanza kazi yangu. Mpishi mmoja mgongo wake umeandikwa NILIDHANI NI SUKARI, nikamwambia, "Ndugu, hiyo chai ilikuwa ya watu au ya samaki?" Mwingine, NILIMPA BWANA HARUSI MKONO WA POLE, nikamwambia huyo hakukosea, aliwahi tu. Mwingine, bwana mzima na ndevu zake, NILIALIKA MTAA NIKAMSAHAU MAMA. Hapo nilicheka nikashika ukuta. Mzaha akanipiga mgongoni, akaniambia mji huu ulikuwa umepooza mpaka nilipofika. Mbele yetu akapita mwanamke wa makamo, anatembea polepole, kanga yake nyeupe ina maneno matatu tu: NILIGEUKA KIDOGO TU. Nami kwa ule moto wa kuchekesha nikapaza sauti, "Mama ee! Ulipogeuka uliona nini?"

Akageuka. Mkononi alikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, cha mguu wa kushoto, hakijafika hata kiganja changu. Nywele zake zilikuwa zimelowa maji ya kisima. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwana wa jirani, akasema, "Niligeuka kuanua nguo moja, mwanangu. Nguo moja." Kisha akaongeza, "Na wewe jina lako nimelisoma ulipopita. Mimi sikucheka."

Kicheko kikakatika. Jina langu? Nikashika bega, kweli, kitambaa. Nikajipinda kulia, nikajipinda kushoto, nikazunguka pale njiani kama mbwa anayefukuza mkia, na watu wa Laiti wakasimama kunitazama, na kwa mara ya kwanza Mzaha hakucheka pamoja nami, alinicheka mimi. "Nisomee!" nikamwambia. "Ah, mtani, mimi sisomi, mimi huchekesha tu," akanijibu. "Lakini usihangaike, namjua fundi."

Fundi yule aliitwa Bwana Kisingizio, na duka lake ndilo pekee mjini lenye foleni. Mtu wa mafuta mazuri, sauti ya asali, mkononi pasi ya mkaa. "Karibu, bwana mkubwa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Kosa si lako. Tangu nifungue duka hili hajaingia humu mtu mwenye kosa." Akanilaza kifudifudi juu ya meza, akapitisha pasi mgongoni, na pasi ile haikuunguza hata kidogo, ilikuwa ya baridi tamu, kama kivuli. Nikahisi maneno yakibanduka moja moja. Nikamuuliza, "Yanakwenda wapi haya?" Akacheka kwa upole. "Hilo halikuhusu wewe. Neno halikosi mgongo." Nikatoka pale mwepesi kama pamba, kanga yangu nyeupe pe, nikatembea kifua mbele katikati ya watu wa Laiti nikiwahurumia.

Sikufika mbali. Njia ilikuwa imejaa watu walioinama, na kila aliyeinama alivaa kanga juu ya kanga, maneno juu ya maneno yasiyolingana naye: kitoto kimebeba maneno ya babu, mke amebeba ya mume, mpishi wa pili amebeba ya mpishi mkuu. Mbele kabisa alikwenda mwanamke kijana amemkumbatia mtoto mchanga, kanga mgongoni mwake mbichi kwa wino, inachuruzika mpaka visiginoni. Alikuwa akibisha hodi nyumba hadi nyumba. Mlango ukifunguliwa, mwenye nyumba humgeuza akamsoma mgongo, halafu humwaga kizingitini beseni la maji ya moto, mvuke ukapanda, mlango ukafungwa. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Mtoto alikuwa analia kwa baridi. Nikamwita, "Salha!" Hakugeuka. Nikakimbia, na kadiri nilivyokimbia ndivyo alivyokuwa mbali, mpaka nikajikwaa kwa mtu aliyekaa njia panda. Ni yule mwanamke wa nguo nyeusi niliyempisha langoni.

"Kaa," akasema. Nikakaa. Uso ulikuwa unaniwaka hadi masikio. "Mimi naitwa Aibu. Watu hunikimbia wakidhani nimekuja kuwaua. Sijawahi kumwua mtu. Anayenikimbia ndiye huishia dukani kwa yule wa pasi. Anayekubali kukaa nami kidogo, ingawa moto wangu ni mkali, namwonyesha njia ya kwao."

"Nilisahau kusoma tu, mama," nikasema, na sauti yangu nikaisikia imekuwa ya mtoto. "Kusahau ni dhambi?"

"Umesema kweli, ulisahau. Hebu msome dada yako, maana kwa mbali huku ndiko anakosomeka."

Nikatazama. Mgongoni mwa Salha palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza herufi nyembamba, nyepesi: SIKUSOMA. Wa pili mweusi, umeshonwa kwa uzi mnene: NILINUNUA NILICHOAGIZWA.

"Mstari wa juu ulikuangukia," Aibu akasema, "kama kinyesi cha ndege kinavyomwangukia mtu aendaye msikitini. Mtu hunawa, akaendelea na safari. Kwa mstari ule Bi Shani angekuvuta sikio, angekucheka mwaka mzima, na angekupa chai. Lakini wa chini, mwanangu, hukusahau chochote. Uliushona ukiwa unatazama sindano. Ulimpa nani auvae? Mwanamke aliyetoka uzazini, asiye na mama, ambaye nyumba pekee aliyopata mama ndani yake ndiyo hiyo unayomfungia mlango."

Nikafunika uso. Wasomaji wangu, nimewahi kupigwa viboko mbele ya shule nzima nikainuka nikiwachekesha watu. Lakini pale nilitamani ardhi ya Laiti ipasuke, wala haikupasuka, kwa sababu ardhi ya mji ule imezoea. Nikamuuliza nifanye nini maneno yale yarudi kwangu. Akaniambia hayarudi kwa pasi wala kwa kuvuta. "Yasome kwa sauti, ukianza na jina lako. Usipunguze, usipambe."

Nikasimama. Mzaha akatokea ubavuni, akanivuta mkono, mara hii hana hata jino moja la kucheka. "Mtani, usifanye hivyo. Tuanze na kichekesho kidogo, tuwalainishe. Watakucheka wewe! Wewe!" Na ni kweli, lile ndilo nililokuwa naliogopa tangu asubuhi. Sikumwogopa Bi Shani wala wazee, niliogopa kuwa kama yule mzee wa kandambili, amesimama katikati ya watu, anatazama miguu yake. Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Nikafungua tena, kikatoka kimzaha kibovu kisichochekesha hata kuku. Huko mbele Salha alikuwa amefika nyumba ya mwisho ya mji, mkono umeinuliwa kubisha, na ndani nikasikia beseni likiburutwa.

Ndipo nikapiga kelele. "Mimi Chande! Mimi Chande sikusoma! Nilikuwa nacheka viatu vya mzee wa watu, nikafunga doti bila kusoma! Salha hakuniagiza neno lile, aliniagiza nisome! Na nilipoulizwa niliogopa kuchekwa, nikamtupia dada!" Kila neno lilipotoka lilirudi likanipiga mgongoni, la moto, kama chapa ya ng'ombe, na nilivyozidi kuungua ndivyo kanga ya Salha ilivyokuwa ikitakata, mpaka nikamwona anaanza kugeuza uso wake kwangu...

Nikaamka kwa sauti ya mtu anayesema, "nikamtupia dada, nikamtupia dada," na ilinichukua muda kutambua kwamba sauti ile ni yangu. Jasho limenilowesha mgongo wote. Adhana ya alasiri ilikuwa bado. Nikalala palepale nikitazama dari, na ndoto ikaanza kunieleweka kama maji ya tope yanavyotulia: kwamba lililotokea dukani lilikuwa dogo, la kuombea radhi kwa sentensi moja, na nililikuza mwenyewe kwa kulikimbia. Nikaazimia niende. Lakini, binadamu ni binadamu, palepale nikaanza kupanga: nitamwita Bi Shani pembeni, wasiwepo watu, nitaanza kwa kumsifia mtoto, nitasema duka lilikuwa na giza kidogo, msichana naye alinihimiza...

"Nimebisha hodi mara tatu."

Nikaruka. Bi Shani alikuwa amekaa juu ya kigoda, hatua mbili kutoka kichwani pangu, mtandio umeteremka mabegani, mikono imepumzika magotini. Nyuma yake mlango uko wazi, mlango ambao ningeapa kwamba niliufunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikasikia unazungumza, nikadhani una mgeni."

"Ah, mama, ndoto tu. Usingizi wa mchana huu, unajua tena, unaletwa na joto. Mtu hupayuka mambo hata hayapo..."

 Alikuwa ananitazama usoni, na mikono yake, sasa niliiona, vidole vimekunjamana na kubabuka kwa maji ya moto ya siku arubaini.

"Salha nimemuuliza mara saba," akasema. "Mara zote saba ananiambia, 'Mama, nisamehe,' wala hasemi amekosa nini. Amekwisha kufunga nguo za mtoto. Wazee wako njiani. Nikasema, kabla hawajafika, nije nimuulize kaka mtu mwenyewe, sisi wawili."

Nikatafuta kichekesho. Nilikitafuta kila mahali, kichwani, darini, chini ya jamvi. Hakikuwepo.

Bi Shani akasogeza kigoda karibu.

"Haya, Chande," akasema. "Yaseme tena, sasa ukiwa macho."